Tume ya Kutafuta Chombo Kisichokiri

Katika nchi yetu serikali husikia kila kitu. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani naandika kwa chuki. Ninaipenda serikali yetu. Nilipomaliza chuo mwaka jana na shahada ya mawasiliano, niliapa mbele ya kioo cha bafuni kwamba nitaitumikia mpaka nywele zangu ziwe nyeupe. Jina la nchi silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina.

Yote yalianza na gari la wagonjwa.

Gari hilo lilikuwa la kituo cha afya cha Ng'ambo, kijijini kwetu. Miezi minane iliyopita Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano na Usikivu alitutembelea. Msafara wake ulikuwa na magari ishirini na sita, lakini haukuwa na gari la wagonjwa, na itifaki inasema afya ya kiongozi ni afya ya taifa. Basi wakaliazima letu kwa siku moja. Siku hiyo bado haijaisha. Gari limeegeshwa hapa uani kwa wizara, linaoshwa kila asubuhi, na king'ora chake hutumika kuwajulisha wafanyakazi kwamba chai imeiva.

Watu wa Ng'ambo wakamwandikia Waziri kwenye simu yake ya mkononi. Namba alikuwa ameitoa mwenyewe jukwaani: "Nitumieni ujumbe wakati wowote, mimi ni mtoto wenu!" Ujumbe wao ulikuwa mfupi na wenye adabu. "Shikamoo Mheshimiwa. Tunaomba gari letu la wagonjwa." Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, tiki mbili za kijivu zikageuka kuwa za bluu.

Amesoma.

Sijui kama wasomaji wa nchi nyingine wataelewa uzito wa jambo hili. Kwetu, tangu uhuru, hakuna mwananchi aliyewahi kuwa na ushahidi kwamba kiongozi amesoma kitu chochote. Barua zilipotea, mafaili yalihamishwa, makarani walistaafu. Siku ile watu walikipiga picha kioo cha simu na kuisambaza nchi nzima. Mafundi wakaichapa kwenye fulana. Sokoni watu walisalimiana, "Amesoma?" "Amesoma!" "Amejibu?" na wote wanashika mbavu kwa kicheko.

Waziri hakucheka. Jioni alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kiongozi anajua. Hilo halina ubishi. Lakini mwananchi kujua kwamba kiongozi anajua, huo ni uchochezi! Leo wanajua nimesoma. Kesho watataka kujua kama nimeelewa. Keshokutwa, Mungu apishie mbali, watauliza nimefanya nini! Taifa haliwezi kuendeshwa kwa rangi ya bluu."

Akaunda Tume ya Kulinganisha Huduma za Ujumbe na Vyombo vya Zamani. Kazi yake ilikuwa kupima kila njia ya mawasiliano iliyowahi kutumika nchini, za kale na za kisasa, na kumpatia Waziri ile inayofikisha ujumbe kwa kiongozi bila kuacha dalili yoyote kwamba umefika.

Mimi niliajiriwa kuwa mtaalamu wa jedwali.

*

Nikiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo inaitwa Stumai.

Stumai ni dada yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipofariki, naye akiwa na miaka tisa tu. Anaishi palepale Ng'ambo, na wiki niliyoanza kazi alikuwa na mimba ya miezi minane. Alinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza mara nne:

"Wewe Mwajabu, msomi wangu, hujambo? Huyu mtoto anapiga mateke kama anadai uchaguzi. Nesi Peruzi amenipima, anasema amekaa mkingamo, nisithubutu kuzalia hapa kituoni, lazima nikapasuliwe hospitali. Lakini usianze kulia huko, nakujua. Siku ikifika Nesi anaita kwa ile redio yake, pantoni inavuka, nusu saa niko ng'ambo ya pili. Jiandae tu kuitwa mama mdogo."

Hospitali iko upande wa pili wa mto. Daraja lilichukuliwa na mafuriko, na pantoni hulala upande wa hospitali, kwa hiyo huitwa kwa simu ya upepo, ile redio ya kubonyeza kitufe ukasema, ukakiachia ukasikiliza. Mtandao wa simu za mkononi pale huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Redio ya Nesi Peruzi haijawahi kukosa. Kila asubuhi saa tatu anaita, "Hospitali ya Mto, hapa Ng'ambo, ova," na sauti inajibu, "Nakupata Ng'ambo, ova."

Basi niliingia kwenye Tume nikiamini kwamba nikilinganisha kwa haki, nchi nzima itaona ni njia gani inaokoa watu. Nilichora jedwali lenye safu kumi na mbili. Kasi. Gharama. Kufanya kazi bila umeme. Safu ya kumi na mbili niliipigia mstari: *Je, ujumbe unamfikia mtu anayeweza kusaidia?*

Mwenyekiti wetu, Bwana Sekwao, alivaa miwani yake na kusoma polepole. Ni mtu mpole, aliyewahi kuongoza tume tisa bila hata moja kutoa jibu.

"Binti yangu," alisema, "hiki si kigezo cha kitaalamu. Hiki ni kilio."

Akakifuta kwa rula.

*

Tulianza na huduma za ujumbe za kisasa, na ikaonekana mara moja kwamba zina kasoro kubwa.

Ya kwanza huonyesha neno "anaandika" pale mtu anapoandika. Ilithibitika kwamba siku moja neno hilo lilionekana kwa sekunde arobaini kwenye simu ya Waziri, na watu wa Ng'ambo wakachinja mbuzi. Kumbe Mheshimiwa alikuwa amekaa juu ya simu.

Ya pili huonyesha mtu alionekana mtandaoni lini kwa mara ya mwisho. "Kuonekana kwangu ni siri ya taifa," alisema Waziri.

Ya tatu humruhusu mtu kufuta alichoandika. Tume ilishangilia. Kisha nikaeleza kwamba baada ya kufuta hubaki maneno *Ujumbe huu umefutwa*. "Yaani inafuta halafu inasema imefuta?" aliuliza Bwana Sekwao kwa uchungu. "Sasa hiyo ni kufuta au ni umbea?"

Tukaingia kwenye vyombo vya zamani. Faksi ilitolewa nje chini ya ulinzi, kwa sababu hutoa karatasi inayosema imefika. Simu ya maandishi, ile ya kulipiwa neno kwa neno, ilisifiwa kwa kuwazoesha wananchi kulalamika kwa ufupi, lakini ikaanguka kwa sababu karani hugonga muhuri wa tarehe. Simu ya mezani ilituchukua siku tatu. Anayepiga husikia mlio wa kuita, je, mlio huo ni ushahidi? Wanasheria wawili walivutana mpaka wakavuana koti. Uamuzi ulikuwa kwamba simu iliita, lakini ofisi haikuitwa.

Peja ndiyo iliyomgusa Waziri zaidi. Aliishika kiganjani kama kifaranga.

"Inafanyaje?"

"Inalia, Mheshimiwa. Aliyenayo anajua tu ameitwa. Hawezi kujibu kwa chombo hicho."

"Hawezi kabisa?"

"Hawezi."

"Huyu," alisema kwa sauti ya chini, "ndiye mwananchi niliyekuwa namtafuta maisha yangu yote."

Lakini peja ingefaa kwa wananchi tu. Waziri alitaka chombo cha kumwita yeye.

*

Hapa naingia kwenye kosa langu, na sitajificha.

Kila chombo kilipaswa kupimwa kikiwa kizima. Wizara ilikuwa na simu za upepo kumi na nne kwenye ghala, zote zimekufa, baadhi zina viota vya panya. Kwenye fomu palikuwa na pengo: *Taja mahali ambapo chombo hiki kinafanya kazi vizuri.* Nami kwa moyo mweupe, nikiwa na hamu ya kuisifu, nikaandika: "Kituo cha afya cha Ng'ambo. Inaokoa wajawazito kila mwezi. Ni mfano wa kuigwa nchi nzima."

Jumatatu iliyofuata nilikuta redio ya Nesi Peruzi juu ya meza ya Tume, pamoja na betri na waya wake, imefungwa kikaratasi: *Kielelezo Na. 9*.

"Bwana Mwenyekiti," nilisema, "hii inatumika!"

"Ndiyo maana tumeileta. Za kwetu hazitumiki."

"Kuna mjamzito anaisubiri. Ni dada yangu."

"Ni wiki mbili tu, binti yangu. Mimba imesubiri miezi minane, haiwezi kusubiri wiki mbili?"

Opereta wa wizara, Bi Sauda, alikuwa akipita na birika la chai. Ameunganisha simu za mawaziri kumi na mmoja, na hamwogopi hata mmoja. "Wewe mtoto wa chuo," alininong'oneza, "hapa kitu ukikisifu wanakichukua. Mimi huu mwaka wa thelathini na mbili nasema ubao wangu wa simu ni takataka. Ndiyo maana bado ninao."

Nilimwandikia Stumai siku hiyohiyo ahamie karibu na mji. Nikaona tiki moja tu, ya kijivu. Ujumbe haukufika.

Haukufika kwa sababu saa sita mchana lilitoka tangazo. Ili vyombo vya kisasa visivizidi vya zamani kwa njia isiyo ya haki, mawasiliano yote nchini, simu za mkononi pamoja na huduma zote za ujumbe, yamesimamishwa mpaka Tume imalize kazi. Redio za serikali zitabaki wazi kwa majaribio, chini ya Kanuni ya Nne: *Mtumishi yeyote wa umma atakayepokea ujumbe haruhusiwi kukiri kwamba ameupokea, kwa neno, alama, rangi au uso. Atakayekiri atafukuzwa kazi siku hiyohiyo.*

Nchi ikanyamaza. Waziri alisema hajawahi kusikilizana na wananchi vizuri namna ile.

Niliomba ruhusa ya kwenda Ng'ambo. Nikaambiwa maombi ya ruhusa nayo ni ujumbe, na ujumbe umesimamishwa.

*

Leo mchana kijana wa pikipiki aliyejaa vumbi hadi kwenye kope alifika mapokezi akiwa na karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, kwa saa saba. Mapokezi hawakujua waiweke wapi karatasi, kwa kuwa barua ya mkono haimo kwenye orodha ya Tume. Wakaileta mezani kwetu kama kielelezo kipya, na Bwana Sekwao akaisoma kwa sauti ili tuipime.

"Mwajabu mwanangu," alisoma. "Najua redio yetu iko huko kwenu. Stumai ameshikwa na uchungu tangu jana jioni. Mkono wa mtoto umetangulia. Nimewasha moto kando ya mto, nimepunga shuka, hakuna anayetuona, mto umefurika. Wanaume wawili wamejaribu kuvuka kwa kuogelea, mmoja tumemtoa, wa pili bado. Nikimpakia kwenye basi kuja huko atafia njiani. Nahitaji pantoni tu. Mwambieni mtu yeyote aiite pantoni. Nesi Peruzi."

Bwana Sekwao alivua miwani. Kwa sekunde moja nilimwona kama baba wa mtu. Kisha akaivaa tena.

"Mwandiko unasomeka," alisema. "Kasi, saa saba. Kasoro kubwa, mwandishi anajua ameandika."

"Bwana Mwenyekiti, nakuomba. Redio ni hiyo hapo. Dakika moja tu."

"Kielelezo hakiguswi kabla hakijapimwa rasmi. Kimepangwa Alhamisi."

"Leo ni Jumanne!"

"Unaona? Si mbali."

Nilikimbilia uani. Nilimpigia magoti dereva wa gari la wagonjwa, gari letu, linang'aa kama sinia. Aliniinua kwa mikono yake miwili. "Dada, funguo anazo Mheshimiwa. Na hata ningekuwa nazo, ni saa saba mpaka huko. Unamjua mwanamke wa kungoja saa saba nyingine?"

Simjui.

Niliporudi, Tume ilikuwa imekwenda kula. Bi Sauda alikuwa amesimama mbele ya Kielelezo Na. 9, ameutia waya wa redio kwenye nondo za dirisha, anafunga betri kwa vidole vilivyozoea.

"Funga mlango, msomi," alisema. "Na usiniulize kitu. Mimi siku zangu za kustaafu zimefika, wewe ndiye utakayefukuzwa."

Redio ikakoroma. Nikabonyeza.

"Hospitali ya Mto, Hospitali ya Mto, hapa Ng'ambo, ova."

Ukoromo.

"Hospitali ya Mto, hapa Ng'ambo. Mjamzito, mkono wa mtoto umetangulia, anahitaji pantoni sasa hivi na chumba cha upasuaji. Jina Stumai. Mnanipata? Ova."

Ukoromo ukakatika. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe upande wa pili. Nilisikia pumzi yake. Nikasikia sauti ya mwanamume, ya taratibu, kama anasoma kitu kilichobandikwa ukutani.

"Kituo kinachoita. Kanuni ya Nne. Ova."

"Kaka yangu," nilisema. "Sikuombi ukiri. Una watoto wewe, nakusikia pumzi zako. Sema tu habari ya mto. Sema mvua inanyesha au hainyeshi. Sema chochote nijue upo. Ova."

Hakusema. Lakini kitufe chake kilibonyezwa tena, kikakwama. Nilisikia kiti kikisogezwa kwenye sakafu. Nikasikia hatua, kisha mlango ukifunguliwa na kufungwa. Kisha kitufe kikafyatuka, ukoromo ukarudi.

"Ameondoka," nilisema. "Bi Sauda, ameenda kuita pantoni, siyo? Ameinuka haraka. Mtu wa kwenda chai hainuki vile."

Bi Sauda aliinama kukaza waya wa betri.

"Inategemea, mwanangu," alisema. "Wengine chai wanaikimbilia."

Nikaita tena. Na tena. Nilieleza kila kitu upya, polepole, nikitaja jina la dada yangu herufi kwa herufi, kwa sababu huenda aliyerudi si yule aliyeondoka. Sikujibiwa. Na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa nyuma yangu, akaingia Mheshimiwa Waziri mwenyewe, akifuatwa na Tume nzima wakichokonoa meno.

"Binti anafanya nini na kielelezo?" aliuliza Waziri.

"Anakipima, Mheshimiwa," alisema Bi Sauda haraka.

"Aha. Na amejibiwa?"

"Hajajibiwa."

Waziri alisogea. "Ujumbe umefika?"

"Sijui," nilisema. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye kitufe. "Kuna mtu yuko pale, nimemsikia anapumua. Lakini sijui kama amesikia. Sijui kama atafanya kitu. Siwezi kujua, Mheshimiwa. Dada yangu anakufa na siwezi kujua!"

"Anakufa," alirudia Waziri taratibu, "na bado hakukiri?"

"Hakukiri."

Waziri alifumba macho, kama mtu aliyesikia adhana baada ya saumu ndefu. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. Aliweka mkono juu ya bega langu, akageukia Tume.

"Ndugu zangu! Tumetafuta kwenye peja, tumetafuta kwenye faksi, tumetafuta kwenye vioo vya simu vya wageni. Kumbe kilikuwa Ng'ambo, kwa watu wetu wenyewe! Mwananchi amelia. Kiongozi amesikia, au hakusikia, nani ajuaye? Hakuna rangi. Hakuna muhuri. Hakuna mlio. Hata mbele ya kifo, chombo hakikukiri! Natangaza kuanzia leo kwamba maombi yote ya wananchi yatapokelewa kwa chombo hiki, na kwamba binti huyu, aliyekigundua, apewe nishani."

Bwana Sekwao alianza kupiga makofi. Wakafuata wanasheria wawili, wakafuata wajumbe wote, wakasimama. Mtu mmoja alikimbilia uani, na king'ora cha gari la wagonjwa kikaanza kulia kwa furaha.

Sasa ni saa kumi alasiri. Nimejaza jedwali nyuma ya barua ya Nesi Peruzi, nikaandika na haya yote pembeni, ili mikono yangu iwe na kazi. Bado wanapiga makofi. Nimeweka sikio langu kwenye spika ya redio, limegandana na chuma. Nimewaomba wanyamaze. Nimewaomba kwa heshima, kisha kwa kupiga kelele, kisha Bi Sauda akapanda juu ya kiti na kuwaomba pamoja nami. Wanadhani tunashangilia. Na mle ndani ya ukoromo, chini kabisa ya makofi yao, mara mbili sasa nimeona kama kuna mtu anasema neno.